Safari fupi ya gari ya wawili kutoka Marekani kwenda Kanada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanandoa, wachumba na wapenzi wanaoishi Marekani ambao wanataka kuwasha gari, kuvuka mpaka, kulala Kanada siku mbili tatu, kisha kurudi kazini. Maswali ni yale yanayorudi kila majira ya joto yanapokaribia, msikitini, baada ya ibada ya Jumapili na kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Masharti ya uhamiaji yamekuwa yakibadilika haraka tangu 2025. Kabla ya kulipia kitu kisichorudishiwa pesa, hakikisheni kwenye tovuti za serikali za nchi zote mbili.

## Kuanza kupanga

Tuanze na nini: hoteli, njia au karatasi?

Karatasi. Na si karatasi za nyote kwa ujumla, bali za yule ambaye hadhi yake ya uhamiaji ni dhaifu zaidi kati yenu. Mmoja akiwa raia wa Marekani na mwingine yuko kwa viza ya masomo, safari yenu inaendeshwa na viza ya masomo. Kila mtu anapimwa kivyake mpakani. Ndoa haimpi mwenzako ruhusa ya kuvuka, wala kukaa naye gari moja. Nimeona watu wakichagua hoteli yenye dirisha linalotazama maporomoko, wakalipa, halafu ndipo wakauliza kama pasipoti ya Tanzania inahitaji viza. Inahitaji, isipokuwa kwa wenye kadi ya kijani (tazama sehemu ya karatasi).

Siku ngapi zinatosha?

Usiku mbili kwa mji ulio karibu na mpaka, usiku tatu mkitaka kupumua. Chagueni mji mmoja, au miwili iliyokaribiana. Niagara na Toronto zinakwenda pamoja kwa sababu kati yake ni takriban kilomita 130. Kuongeza Montréal juu ya hapo ni kuongeza zaidi ya kilomita 500 kwenda tu, na safari ya mapenzi inageuka kazi ya udereva wa lori.

Twende wapi?

Inategemea mnakoishi. Kwa walio Buffalo, Rochester, Pittsburgh au Cleveland, Niagara haina mpinzani. Upande wa Kanada ndio wenye mandhari pana: unasimama ukingoni na kuyaona maporomoko ya Marekani mbele yako, na yale makubwa ya Horseshoe, yenye kimo cha mita 57 hivi, mkono wa kulia. Usiku yanamulikwa taa za rangi. Boti zinazoingia kwenye manyunyu hazifanyi kazi wakati wa baridi kali, lakini njia ya chini kwa chini inayotokea nyuma ya maji huwa wazi mwaka mzima. Mkichoka na kelele za barabara ya Clifton Hill, ambayo kwa kweli ni ya watoto na michezo ya bahati nasibu, fuateni barabara ya kando ya mto hadi Niagara-on-the-Lake, mji mdogo wa nyumba za kale na mashamba ya zabibu, kilomita 20 hivi kuelekea kaskazini.

Wengi hupita St. Catharines bila kusimama, na hilo linanisikitisha. Harriet Tubman, aliyewatorosha watu kutoka utumwani kusini mwa Marekani, aliishi katika mji huo miaka ya 1850, na kanisa linalohusishwa naye, Salem Chapel, lililojengwa 1855, bado limesimama. Njia mnayoipita na kiyoyozi ndiyo waliyoipita watu kwa miguu, usiku, wakikimbilia uhuru. Tengeni nusu saa.

Toronto ni ya wale wanaopenda jiji. Kuna mnara wa CN wenye mita 553, kivuko cha kwenda visiwani, na masoko ya St. Lawrence na Kensington. Kwa mtu wa Afrika Mashariki ningeongeza makumbusho ya Aga Khan, yaliyofunguliwa 2014. Waismaili wengi wa Kanada wana asili ya Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, na maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 walipokelewa nchi hii. Msishangae kukuta mzee wa Kihindi anawaamkia kwa Kiswahili cha Kariakoo.

Walio Boston, Vermont, Maine au New York waangalie Montréal na jiji la Québec. Kutoka Burlington hadi Montréal ni mwendo wa saa mbili hivi mkiacha foleni ya mpakani. Kutoka New York ni takriban kilomita 600. Kwa Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda, Montréal ina raha yake: Kifaransa kinafanya kazi kila mahali, na jamaa wa nyumbani ni wengi. Québec, iliyoanzishwa 1608, iko mbele zaidi kwa kilomita 250. Ina kuta za mawe kuzunguka mji wa kale, na nje kidogo kuna maporomoko ya Montmorency yenye mita 83, marefu kuliko Niagara ingawa membamba zaidi. Mkiwa na usiku tatu na mnataka mahali pa kushikana mikono na kutembea polepole, mimi ningepeleka mwenzangu Québec.

Walio Seattle na Portland ya Oregon wana Vancouver: kilomita 230 hivi kutoka Seattle, hifadhi ya Stanley katikati ya jiji, na barabara ya 99 inayopanda kando ya bahari kuelekea Squamish na Whistler.

Miezi gani ni mizuri?

Mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Majani yanageuka rangi, joto limepungua, wanafunzi wamerudi darasani. Epukeni wikendi zenye sikukuu za upande wowote: Victoria Day mwezi Mei, tarehe 1 na 4 Julai, Labor Day mwanzoni mwa Septemba, na Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni sikukuu ya shukrani ya Kanada. Siku hizo foleni ya darajani inaweza kula nusu ya Ijumaa yenu.

## Karatasi

Sote ni raia wa Marekani. Leseni ya kawaida inatosha?

Msiitegemee. Bebeni pasipoti, au kadi ya pasipoti, ambayo ni nafuu na inakubalika kwa mipaka ya nchi kavu. Kadi ya NEXUS, wanayopewa wasafiri waliochunguzwa mapema na nchi zote mbili, inafaa pia. Majimbo ya Michigan, Minnesota, New York, Vermont na Washington hutoa leseni maalumu iliyoboreshwa inayokubalika mpakani, lakini msiichanganye na leseni ya kawaida yenye alama ya nyota, inayotumika kupandia ndege za ndani. Hiyo ya nyota haithibitishi uraia.

Nina kadi ya kijani na pasipoti ya Tanzania (au Kenya, Kongo, Uganda). Nahitaji viza ya Kanada?

Huhitaji viza. Unahitaji vitu viwili kwa pamoja: kadi ya kijani iliyo hai na pasipoti ya nchi yako iliyo hai. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu amekaa Marekani miaka saba, hajasafiri nje, na pasipoti yake imeisha muda bila yeye kuangalia, kwa sababu maisha ya kila siku hayaidai. Kadi ya kijani peke yake haitoshi kuingilia Kanada. Kupata pasipoti mpya kupitia ubalozi huchukua muda, kwa hiyo ifungueni droo leo mkaisome tarehe.

Jambo moja kwa Watanzania waliochukua uraia wa Marekani: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo tumieni pasipoti ya Marekani na msiibebe ile ya zamani kama hati ya safari. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Mkenya mwenye pasipoti zote mbili aende na ya Marekani, maana ndiyo itakayomvusha kwenda na kurudi.

Niko kwa viza ya masomo au ya kazi. Je?

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda asiye na kadi ya kijani anahitaji viza ya mgeni ya Kanada hata kama anakwenda kulala usiku mmoja. Viza ya Marekani haikuvushi. Ada ni dola 100 za Kanada kwa mtu, na 85 za alama za vidole na picha kama hujawahi kuzitoa au muda wake umepita. Maombi hufanyika mtandaoni, kisha unakwenda kituoni kutoa alama, kisha pasipoti inapelekwa kubandikwa viza. Muda wa kusubiri hubadilika sana, hivyo msipange safari ya mwezi ujao kwa viza ambayo haijaombwa.

Upande wa kurudi una mambo yake. Mwanafunzi abebe fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha masomo yake, yenye sahihi ya safari ya ofisi ya chuo. Kama viza yako ya Marekani imekwisha lakini hadhi yako na fomu ya I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwako Marekani) bado hai, kuna kanuni inayoruhusu kurudi kutoka Kanada bila viza mpya ikiwa umekaa nje siku 30 au pungufu na hukuomba viza mpya ya Marekani ukiwa huko. Kanuni hiyo ina watu isiowahusu, na tangu Juni 2025 raia wa baadhi ya nchi, Burundi ikiwemo, wamewekewa vizuizi vya kuingia Marekani. Orodha hiyo imekuwa ikibadilika. Kama hurudi kwa kadi ya kijani wala uraia, zungumza na wakili wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kutoka. Usimuulize binamu aliyevuka 2019.

Mimi ni mkimbizi niliyepokelewa Marekani na sina pasipoti ya nchi yangu.

Unahitaji hati ya safari ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu ya I-131. Hudumu mwaka mmoja, na bila hiyo kurudi kwako kunaweza kukwama hata kama Kanada ilikuruhusu kuingia. Ukiwa bado huna kadi ya kijani utahitaji pia viza ya Kanada. Ukiwa nayo, hati hiyo hukaa mahali pa pasipoti. Kwa familia nyingi za Kikongo za Buffalo, Columbus na Maine, huku kusubiri hati ndiko kunakofanya safari ihamie mwaka unaofuata, na ni heri kusubiri.

Kesi yangu ya hifadhi bado inasikilizwa. Siku mbili tu zina tatizo?

Zina tatizo kubwa. Anayetoka Marekani bila ruhusa ya mapema huhesabiwa kuwa ameyaacha maombi yake. Wala msidanganywe na mtu anayesema kuna njia ya porini: tangu 25 Machi 2023 makubaliano ya Kanada na Marekani kuhusu waomba hifadhi yanahusu mpaka wote wa nchi kavu, si vituo rasmi tu. Kaeni upande wa Marekani wa Niagara. Maji ni yale yale (tazama swali la mwisho).

Hatujaoana. Wataleta maneno? Na tuliooana tubebe cheti cha ndoa?

Hakuna afisa atakayewanyima kuingia kwa sababu hamjaoana. Semeni ukweli: «ni mchumba wangu», «ni mpenzi wangu». Cheti cha ndoa si lazima, ila nakala yake inasaidia kama jina la kwenye pasipoti ni la ukoo wa baba na la kwenye kadi ni la mume.

Nataka kumshtukiza mke wangu siku ya kumbukumbu ya ndoa. Nimfiche kuwa tunakwenda Kanada?

Mshtukize kwa hoteli, kwa chakula cha jioni, kwa pete. Mpaka usiufiche. Atahitaji kujibu maswali mwenyewe, na mtu anayemwambia afisa «sijui tunakwenda wapi» akiwa na mwanamume aliyeshika pasipoti yake anaonekana kama anayesafirishwa kinyume cha hiari. Maafisa wamefundishwa kuiona dalili hiyo, na wana haki ya kuuliza.

## Gari na barabara

Leseni na bima ya Marekani zinafanya kazi Kanada?

Leseni ya jimbo lolote inafanya kazi kwa mgeni. Bima nyingi za magari za Marekani zinaifunika Kanada, lakini pigeni simu kabla ya kwenda. Ombeni kadi ya bima ya Kanada kwa wasio wakazi, ambayo kampuni nyingi huitoa bila malipo. Ndiyo polisi wa kule wanaoitambua haraka. Bebeni na kadi ya usajili wa gari.

Gari ni la kukodi, au la shemeji.

La kukodi: mwambieni mwenye gari tangu kuhifadhi nafasi kwamba mtavuka mpaka, na msome mkataba, kwa sababu baadhi hukataza. Kila atakayeshika usukani awe ameandikwa. La kuazima: shemeji aandike barua fupi yenye jina lake, namba ya gari, tarehe za safari na namba ya simu, aitie sahihi. Na kabla hamjaondoka, toeni kila kitu kilichomo humo ndani. Gari la mtu mwingine lina mifuko msiyoijua, na mpakani aliye ndani ya gari ndiye mwenye vitu.

Barabara za Kanada zina tofauti gani?

Kwa aliyelelewa Afrika Mashariki, vipimo vitakuwa kama kurudi nyumbani: kilomita, lita, nyuzi za Selsiasi. Hatari ni kwamba gari lenu la Marekani linaonyesha maili kwa maandishi makubwa. Kibao kikisema 100, ni maili 62 kwa saa. Ontario hawana mzaha. Ukizidisha kilomita 50 juu ya kikomo, leseni inasimamishwa siku 30 papo hapo na gari linazuiwa siku 14, liwe lako au la shemeji.

Mengine machache. Taa ya kijani inayowaka na kuzima Ontario inamaanisha una haki ya kukata kushoto. British Columbia ina maana nyingine kabisa, yaani taa inaendeshwa na waenda kwa miguu. Kwenye kisiwa cha Montréal ni marufuku kukata kulia taa ikiwa nyekundu, tabia ambayo dereva wa Marekani anaifanya bila kufikiri. Vibao vya Québec ni vya Kifaransa: ARRÊT ni simama, SORTIE ni njia ya kutokea, OUEST magharibi, EST mashariki. Karibu na Toronto ramani ya simu inaweza kuwaingiza barabara ya 407, inayopiga picha namba ya gari na kutuma bili hadi Marekani; wekeni mpangilio wa kukwepa barabara za kulipia. Vifaa vya kunusa rada za polisi ni haramu Ontario na Québec, hata vikiwa vimezimwa.

Na wakati wa theluji?

Nendeni tu kama gari lina matairi ya baridi na mmoja wenu ameshaendesha kwenye theluji zaidi ya mara moja. Barabara nyingi za milimani za British Columbia huyadai kisheria kuanzia 1 Oktoba, ile ya kwenda Whistler ikiwemo. Pakieni blanketi, koleo, maji na chaja.

Simu itafanya kazi?

Mipango mingi ya simu ya Marekani inajumuisha Kanada, lakini si yote. Ulizeni, na pakueni ramani za eneo zima mkiwa nyumbani. Namba ya dharura ni ile ile, 911.

## Mpakani

Tupite kituo kipi?

Niagara kuna madaraja matatu ya magari ya kawaida. Rainbow, la 1941, linawashusha mlangoni mwa maporomoko na haliruhusu malori. Lewiston–Queenston liko kaskazini yake, zuri kwa wanaokwenda moja kwa moja Toronto. Peace Bridge, la 1927, liko Buffalo kwenyewe. Daraja la Whirlpool ni la wenye NEXUS pekee. Mkijipeleka huko bila kadi mtageuzwa. Detroit kuna daraja la Ambassador na njia ya chini ya mto kuelekea Windsor. Wanaokwenda Montréal kwa barabara ya 87 hupita Champlain. Seattle hupita Peace Arch, au Pacific Highway iliyo jirani yake. Idara za forodha za nchi zote mbili hutangaza muda wa foleni mtandaoni. Angalieni kabla hamjafika kwenye njia panda ya mwisho, na mtakuta mara nyingi daraja la pili liko tupu wakati la kwanza limejaa.

Afisa atatuuliza nini?

Mnaishi wapi, mnakwenda wapi, kwa siku ngapi, mna uhusiano gani, mnafanya kazi gani, mmebeba pombe, tumbaku, silaha, bangi, zawadi au pesa taslimu. Zimeni muziki, vueni miwani ya jua, shusheni vioo vyote viwili, nyaraka ziwe mkononi mwa dereva. Jibuni kwa ufupi, na kila mtu ajibu linalomhusu. Msizungumze Kiswahili kati yenu wakati afisa anasubiri jibu. Si kosa, ila linamfanya ajiulize mnapanga nini.

Kuitwa pembeni kwa ukaguzi wa pili hakumaanishi mna hatia. Wanaweza kufungua buti, mabegi, hata simu. Tulieni. Hasira ya mume anayetaka kumtetea mke wake pale kwenye kaunta haijawahi kumsaidia mke.

Tunaweza kubeba chakula chetu?

Chapati, maandazi, mkate na vyakula vya nafaka vilivyopikwa havina shida. Nyama, maziwa, matunda na mboga mbichi vina masharti yanayobadilika kulingana na magonjwa ya mifugo na mimea, na masharti ya kurudi Marekani huwa makali kuliko ya kwenda. Kanuni yangu ni rahisi: machungwa na maembe yaishe kabla ya daraja, sambusa za nyama ziliwe kwenye kituo cha mapumziko, na chochote kilichobaki kitajwe. Kitu kilichotajwa kikikatazwa kinatupwa tu. Kilichofichwa kinaleta faini na kumbukumbu kwenye kompyuta.

Vitu gani tusibebe kabisa?

Bangi, kwa namna yoyote, pamoja na pipi na mafuta yake. Kanada imeihalalisha tangu 17 Oktoba 2018, majimbo mengi ya Marekani yameihalalisha, na bado kuivusha mpaka ni kosa kwenda na kurudi. Kwa asiye raia, kosa hilo linaweza kugusa hadhi yake yote Marekani. Bunduki na bastola ziacheni nyumbani. Dawa ya pilipili ya kupulizia, ambayo wanawake wengi wanaiweka kwenye mkoba bila kukumbuka, Kanada ni silaha iliyopigwa marufuku. Uangalieni mkoba.

Pombe inaruhusiwa kwa kiasi: kila mtu mzima lita 1.5 za mvinyo, au lita 1.14 za pombe kali, au lita 8.5 za bia. Umri ni miaka 19 Ontario na British Columbia, 18 Québec. Pesa taslimu zikifika dola 10,000 za Kanada lazima mziseme.

## Mkishafika

Tubadilishe pesa kabla?

Si lazima. Kadi inakubalika karibu kila mahali; chagueni ile isiyotoza ada ya miamala ya nje, kwa sababu nyingi hutoza kama asilimia 3. Mashine ikiwauliza mlipe kwa dola za Marekani au za Kanada, chagueni za Kanada. Kumbukeni bei ya kwenye menyu haijajumuisha kodi: Ontario ni asilimia 13, Québec karibu 15. Bakshishi ni 15 hadi 20, kama mlivyozoea. Mafuta ni ghali kuliko Marekani, hivyo jazeni tangi kabla ya daraja.

Chakula cha halali kinapatikana?

Toronto na Montréal, bila kuhangaika, kuanzia shawarma ya usiku wa manane hadi migahawa ya Kisomali yenye wali na ndizi mbivu pembeni. Miji midogo kama Niagara-on-the-Lake ni vigumu zaidi. Pangeni mlo mkubwa mkiwa mjini. Ulizeni kabla ya kula poutine ya Québec, viazi vya kukaanga vyenye jibini na mchuzi, maana mchuzi mara nyingi ni wa nyama.

Mmoja wetu akiugua?

Hospitali za Kanada ni bure kwa wakazi wenye bima ya mkoa wao. Mgeni analipa, na bili ni kubwa. Medicaid haivuki mpaka. Bima ya safari ya siku tatu ni bei ya chakula cha jioni, nunueni. Dawa zibebwe kwenye chupa zake zenye jina lenu.

## Hali zisizo za kawaida

Mwenzangu aliwahi kukamatwa akiendesha amelewa, zamani. Itamzuia?

Inaweza. Tangu 18 Desemba 2018 Kanada inalihesabu kosa hilo kuwa kubwa, na hata hukumu moja inatosha kumzuia mtu mlangoni, awe raia wa Marekani au la. Kuna kibali cha muda, na kuna utaratibu wa kusafishwa rasmi unaoweza kuombwa miaka mitano baada ya adhabu yote kumalizika. Maafisa wanaona kumbukumbu za Marekani kwenye kompyuta zao, hivyo kuficha hakusaidii. Na kwa mwenye kadi ya kijani aliye na kesi yoyote ya jinai, swali zito zaidi ni la kurudi: mwone wakili kwanza.

Kadi yangu ya kijani imeisha lakini nina barua ya kuongezewa muda.

Safiri na vyote viwili, kadi yenyewe na barua halisi ya I-797, pamoja na pasipoti hai. Soma barua ujue imeongeza hadi lini.

Nimeomba uraia wa Marekani. Safari itaniharibia?

Safari fupi haiharibu, mradi usikose miadi ya alama za vidole au ya mahojiano. Andika tarehe ya kutoka na ya kurudi: fomu ya N-400 inauliza safari za saa 24 au zaidi, na mahojiano yanaweza kuzirudia.

Tumeamua kumchukua mtoto wake wa ndoa ya kwanza.

Bebeni cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri, ikiwezekana iliyothibitishwa na wakili au afisa wa viapo. Kama kuna amri ya mahakama ya malezi, nakala yake pia.

Ndugu wa Toronto anataka tumpelekee mzigo, au turudi na mtu.

Mzigo mlioufungasha wenyewe na mnaoujua, mtautaja mpakani. Mzigo uliofungwa tayari, kataeni, hata kama ni wa shangazi. Kuhusu kumpa mtu lifti ya kuvuka mpaka: hapana, hata kama karatasi zake zinaonekana safi. Mkikutwa na mtu asiye na ruhusa ndani ya gari, mnaweza kushtakiwa kwa kumsafirisha, na gari likakamatwa. Ndugu anaweza kununa. Atapoa.

Pasipoti imepotea tukiwa Kanada.

Toeni taarifa polisi mpate karatasi. Raia wa Marekani aende ubalozini Ottawa au ubalozi mdogo ulioko Toronto, Montréal, Québec au Vancouver. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Ottawa. Kila mmoja awe na picha za hati za mwenzake kwenye simu, si za kwake tu, kwa sababu pasipoti na simu mara nyingi hupotea pamoja.

Wakimkatalia mmoja wetu?

Amueni jibu mkiwa nyumbani, si kwenye kaunta: ama mnarudi wote, ama mwingine anaendelea. Mimi nasema mnarudi wote. Afisa wa Kanada atawageuza, mtafika tena mbele ya afisa wa Marekani, na huyo atawahoji kama watu waliotoka nje. Mwambieni tu mmekataliwa kuingia, na mumwonyeshe karatasi mlizopewa.

Kwa hiyo wekeni hoteli ambayo inaruhusu kughairi hadi siku ya mwisho, na mwe na mpango upande wa pili. Mkipitia Niagara mpango huo ni rahisi. Hifadhi ya jimbo iliyo upande wa Marekani, iliyoanzishwa 1885, haina kiingilio; mnalipia maegesho. Kutoka kisiwa cha Goat mnafika hadi ukingo wa Horseshoe, na boti za upande huo zinaingia kwenye manyunyu yale yale.